Betri Zisizopiga Mwayo

Ukimuuliza Mama Chaji betri nzima inajulikanaje, usitegemee jibu fupi. Kwanza atakukagua usoni aone kama unauliza kwa dhati au umekuja kumpotezea muda. Akiridhika, ataanza na harufu. Betri nzima haina harufu, atakwambia. Ya zamani ikinuka yai viza, imechajiwa kupita kiasi. Ya kisasa ikinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, toka chumbani, maswali baadaye. Kisha atahamia kwenye joto, uzito na uvimbe, na hapo kama ulikuwa na safari, ujue imeshaota mbawa.

Jina hilo alipewa na mtaa. Zamani, umeme ulipokuwa unakuja ukijisikia, alikuwa na kibanda cha kuchajia simu: betri ya gari chini ya meza, nyaya zimesokotana juu ya rafu, na simu za watu zimelala kimya zinanyonya. Watoto wake walikuwa na majina mazuri waliyopewa na babu zao, lakini nani angekumbuka kumwita mama fulani wakati simu yake iko tupu? Akawa Mama Chaji. Mumewe alijaribu kushindana na mtaa kwa muda, mwishowe naye akasalimu amri.

Kwenye kibanda hicho ndiko alikojifunza kufungua betri zilizokufa, kupima seli moja moja na kuzirudisha kazini zile zilizobaki na uhai. Aliyemtoa pale ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga mbizi wa kampuni inayokagua bwawa linaloleta maji mjini, pamoja na mahandaki na mageti yaliyo chini ya maji hayo. Siku moja skuta zao za majini ziligoma zote. Fundi wao alikuwa ameacha kazi, na mkuu wa kampuni alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nyumbani kwetu kuna mama anafufua betri," shemeji akamwambia. "Simu yangu mimi imeshakufa na kuzikwa, na bado naipigia."

Mkuu akacheka, akaagiza aitwe. Mama Chaji akaja na mkoba wake wa vifaa, akazifufua skuta, na hakurudi tena kibandani. Wakampa karakana mwisho wa ua, nyuma ya mashine ya kujazia mitungi ya hewa, yenye meza ndefu iliyotandikwa mpira na dirisha moja la wavu linalotazama njia ya kwenda kwenye boti.

Skuta ya majini, kwa asiyeijua, si chombo cha kupanda. Ni bomba nene la urefu wa mtoto anayeanza kutembea, lina pangaboi nyuma na mishikio miwili. Mpiga mbizi anashika, anabonyeza, inamvuta. Ndani yake kuna mota na betri, na sehemu kubwa ni betri. Handaki la bwawa ni refu. Ukitaka kulimaliza kwa kupiga miguu tu utachoka kabla hujafika katikati. Bila skuta hakuna kazi.

Na hao wapiga mbizi walikuwa na desturi yao ambayo huikuti kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Betri zao zilikuwa za zamani, za risasi na tindikali. Betri ya aina hiyo haifi ghafla. Nguvu ikikaribia kwisha, mota inashuka sauti taratibu; ule mlio mwembamba unanenepa, unavutika, kama mtu anayepiga mwayo. Maji ya handakini ni tope tupu. Taa haikuoneshi zaidi ya mkono wako, na saa ya hewa, ile ya kupimia hewa iliyobaki mtungini, lazima uigusishe kwenye miwani ndipo uisome. Sauti, hata hivyo, inapita vizuri kwenye maji. Basi wakawa wanasikiliza. Skuta ikipiga mwayo, unageuza, na nguvu iliyobaki inakurudisha pole pole mpaka mlango wa handaki, hewa ikiwa bado tele. Miaka yote mwayo ulikuja kabla hewa haijapungua, kwa hiyo saa ya hewa wakawa wanaitazama kwa kujikumbusha tu. "Imepiga mwayo," walikuwa wanasema, kama sisi wengine tunavyosema kengele imelia. Mwenye sikio kali kuliko wote alikuwa shemeji, ndiyo maana ndiye aliyekuwa akitangulia.

Sasa, betri zile zilikuwa zimezeeka, tena nzito, na kuitoa skuta moja stoo mpaka kwenye boti kulihitaji watu wawili na matusi kidogo. Shemeji hakukosa neno. "Shem," alikuwa akimwambia akipita dirishani, mgongo umempinda, "hivi hizi betri unazichaji au unazinenepesha?" Mama Chaji alikuwa akicheka, lakini lilikuwa linamwingia. Kwa hiyo mkuu aliposema ruhusa ya kununua mpya imepatikana na achague yeye, hakungoja aambiwe mara ya pili.

Aliagiza sampuli, akazipanga mezani. Za risasi, ndugu wa zile za zamani, aliziweka pembeni mapema. Za nikeli zilikuwa nyepesi kidogo, lakini zikikaa stoo zinajimaliza zenyewe bila kufanya kazi yoyote, kama wafanyakazi fulani aliowajua. Zikabaki mbili za lithiamu. Moja ilikuwa na nguvu ya kutisha, ila ukiikosea kidogo inawaka moto na maji hayaizimi; akaikataa bila kumwomba mtu ushauri. Nyingine ilikuwa tulivu. Haikupanda joto kirahisi, na ndani yake mlikuwa na kibao kidogo cha kuilinda: ikifika chini kabisa, kibao kinakata umeme ili seli zisiharibike. Hiyo akaipenda.

Aliizamisha kutwa kuona kama kifuniko kinavuja. Skuta za zamani zilikuwa zimefungwa maboya kwa ndani ili zisizame na uzito wake. Akayatoa moja moja, akijaribu kwenye maji kila mara, mpaka skuta yenye betri mpya ikatulia katikati, haizami wala haipandi. Alivaa hata glavu za mbizi aone kama mtu mwenye vidole vinene ataweza kuichomoa betri. Ungemwona siku zile ungesema huyu hawezi kukosea, na yeye mwenyewe alianza kuliamini hilo.

Betri za skuta zote zikaletwa, akazifunga, na Ijumaa akafanya jaribio la mwisho. Aliifunga skuta ndani ya tangi la majaribio, birika la saruji linalofika kifuani, akaiwasha, akaendelea na shughuli nyingine. Ililia alipokuwa anafagia. Ililia alipokuwa anakunywa chai. Ililia mpaka akaizoea, akawa haisikii tena. Kilichomshtua ni kimya. Haikushuka, haikuvutika. Sauti ilikuwepo, kali vile vile kama ilipoanza, kisha haikuwepo.

Alibaki amesimama, koleo mkononi. "Haipigi mwayo," akajisemea kwa sauti.

Alielewa papo hapo. Asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Ile nguvu aliyoisifia ilikuwa inatoka sawasawa mpaka tone la mwisho, kisha kibao kinakata. Palikuwa na kitaa chekundu kwenye mshikio cha kumwonya mtumiaji, lakini kitaa kwenye maji ya tope ni pambo tu.

Koleo lenyewe hajaliweka chini, mlango ukafunguliwa. Mkuu aliingia na wapiga mbizi nyuma yake, yeye ambaye miaka yote hiyo safari zake zilikuwa zinaishia kizingitini. Miongoni mwao alikuwemo Mrefu, ambaye ni mrefu kweli, na ambaye kila wakiingia handakini humfuata shemeji kwa nyuma. Mrefu aliinyanyua skuta nyingine yenye betri mpya iliyokuwa mezani kwa mkono mmoja, akaiweka begani, akatembea nayo akitingisha mabega kama bwana harusi. Karakana nzima ikacheka.

"Shem," shemeji akasema, "naomba radhi kwa maneno yangu yote. Leo umeniheshimu mgongo."

Mkuu akamshika bega mbele ya watu. "Huyu ndiye mtaalamu wetu," akasema. "Mimi hata sikujua tuna mtu kama huyu huku nyuma."

Maneno alikuwa nayo mdomoni, tena machache: hizi hazipigi mwayo. Lakini mtu aliyekaa miaka bila kusifiwa, sifa ya kwanza humlevya vibaya. Alijua akiyatamka, nyuso zile zitabadilika, skuta zitarudi mezani, na mkuu atarudi kizingitini kwake. Nitawaambia Jumatatu, akaamua, nikiwa nimeshapata na dawa yake. Akatabasamu. Akanywa na soda waliyomletea.

Jumatatu alipofika, boti ilikuwa imeshaondoka. Mkondo wa maji handakini ulikuwa umefungwa kwa ukaguzi, na wapiga mbizi walitaka kuwahi. Alishika simu, akaitafuta namba ya msimamizi wa boti, akaipata. Kisha akaanza kujiuliza maswali ya mtu anayetafuta kisingizio. Si siku ya kwanza leo? Siku ya kwanza si huwa hawaendi mbali? Betri zenyewe si zinadumu kuliko zile? Akaiweka simu mezani, akaenda kuchemsha chai.

Kumbe huko kudumu ndiko kulikowaponza. Shemeji na Mrefu waliingia handakini wakingoja mwayo. Mwayo haukuja, wakaendelea. Walifika mahali ambapo hawakuwahi kufika, na huko ndiko skuta ya shemeji ilikokata. Mrefu akamvuta kwa yake, na yake, iliyochajiwa pamoja na mwenzake, nayo ikakata muda si mrefu. Wakarudi kwa kupiga miguu kwenye giza, wakivuta hewa kama watu walioingiwa na hofu wanavyovuta. Walipotoka kwenye mlango wa handaki mitungi ilikuwa inakwisha, wakapanda juu haraka kuliko mwili unavyokubali. Shemeji alitoka damu puani, ikakauka. Mrefu aliingiwa na mapovu ya hewa kwenye damu. Hospitali walimfungia kwenye chumba cha chuma cha kumrudishia mgandamizo, akatoka hai, ila mguu wa kushoto haukurudi wote. Anautupa mbele kama kitu alichoazima.

Mkuu alipowakusanya kuuliza kulikoni, shemeji alisimama kabla hajaulizwa. "Sikuusikia mwayo," akasema. "Mimi ndiye niliyetangulia, sikio lilikuwa langu. Haukunifikia."

Hakuna aliyeuliza kama mwayo wenyewe ulikuwepo. Miaka yote hiyo hapakuwahi kuwa na skuta isiyopiga mwayo. Nani angefikiria kuuliza? Mama Chaji alikuwa amekaa safu ya nyuma, mikono mapajani, akingoja mtu mmoja ageuke amtazame. Angegeuka mmoja tu, angesema. Hakugeuka mtu. Mkutano ukaisha, watu wakainuka, na yeye akainuka nao.

Kesho yake akajifungia karakana, akafanya alichopaswa kukifanya Ijumaa. Alitengeneza kidude kidogo, akakiweka kati ya betri na mota. Betri ikikaribia mwisho, kidude kinabana nguvu kidogo kidogo, mota inashuka sauti, skuta inapiga mwayo. Alizifanyia zote, na waliomuuliza aliwajibu kwamba anakaza nati. Kwa hiyo tusimzulie kwamba aliwaacha watu hatarini. Hatari aliiondoa. Alichokiacha ni lawama, aliiacha pale pale ilipoangukia, juu ya mdogo wa mumewe, mtu aliyemtoa kibandani.

Nyumbani mambo yakawa kichekesho kisichochekesha. Mumewe, mtu mpole asiye na makuu, aliwaita watoto akawaambia baba yao mdogo masikio yamepungua, wawe wanamsaidia. Watoto wakamsaidia kwa kupaza sauti. Akija kula Jumapili, anasemeshwa kana kwamba yuko ng'ambo ya mto: baba mdogo chumvi hii hapa, baba mdogo maji ya kunawa haya, mpaka majirani wanajua leo kuna chakula gani. Naye anaitikia kwa upole, "Nimesikia, mwanangu." Mumewe akimfuata Mama Chaji jikoni anamnong'oneza: "Unamwona? Anajifanya amesikia." Mama Chaji anazidi kusugua vyombo. Siku moja aliisugua sufuria mpaka mumewe akamuuliza kama anatafuta tundu.

Kazini shemeji alihamishiwa geti la kuingilia uani, kufungua na kufunga. Alikuwa bado anapita dirishani mwa karakana, ila utani ulikuwa umekwisha. Mama Chaji akisikia hatua zake anainua kichwa, anangoja neno, hata la kumkera. Shemeji anapunga mkono, anapita.

Jumamosi alikuwa akienda kwa Mrefu na matunda. Mama yake Mrefu, mama mtu mzima anayetembea ameshika kiuno, alikuwa akimpokea kama mtoto wake wa kuzaa. "Wenzako wote wamesahau njia ya kuja hapa," anamwambia. "Umebaki wewe tu, mwanangu." Na mara nyingi alimkuta shemeji naye pale pale, amepiga magoti sakafuni, anamkanda Mrefu mguu kwa mafuta kama daktari alivyoelekeza. Mama Chaji anakaribishwa kiti, anakaa, anatazama mtu mwingine akilipia kosa lake. Dhamiri ilikuwa inamsuta, naye anazidi kumenya machungwa. Tena ubaya wa jambo lile ni kwamba halikutulia mahali pamoja. Kila Jumamosi iliyopita bila kusema ilikuwa inalikuza, mpaka akajiona amechelewa mno, kwamba sasa halisemeki. Mtu akifika hapo huanza kuomba lisahauliwe, na yeye aliomba hivyo.

Kisha siku moja shemeji akaingia karakana, akafunga mlango nyuma yake.

"Shem, nina shida. Lakini usimwambie kaka."

"Sema."

"Nataka unipime masikio."

"Mimi tena? Si uende hospitali."

"Nimekwenda. Wananivisha vidude, wananipigia filimbi, wanasema nasikia. Filimbi na skuta wapi na wapi?" Akalitazama tangi la majaribio. "Funga betri iliyobaki kidogo. Naingiza kichwa, nasikiliza. Ikianza kushuka, usinipe ishara yoyote."

"Shemeji, ya nini kujitesa?"

"Nisipousikia, basi masikio yamekufa. Na mtu halaumiwi kwa sikio, si ndiyo? Nitamwambia Mrefu, ndugu yangu, nilikuwa kiziwi na sijijui. Hilo nitaweza kulala nalo." Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati. "Naomba nisiusikie, shem."

Mama Chaji angeweza kumwambia betri zote zimejaa, aje kesho. Angeweza kujitia ana kazi ya mkuu. Alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile akaukosa. Akachukua betri iliyotoka kutumika, imebaki kidogo, akaifunga kwenye skuta, akaishusha tangini. Shemeji akavuta pumzi, akazamisha kichwa. Akawa anatoka, anavuta, anazama tena, na Mama Chaji anautazama mgongo wake usiofanya kazi ya kubeba chochote siku hizi. Haukupita muda mrefu, mwayo ukaja. Ulikuwa mwayo mzuri, mnene, wa taratibu, kama ule wa betri za zamani. Alikuwa ameutengeneza kwa uangalifu wote.

Shemeji akatoa kichwa. "Imepiga," akasema, maji yanamtiririka. "Nimeisikia tangu inaanza. Tangu inaanza kabisa."

Hakuonekana mtu aliyefurahi. Alikwenda kukaa kwenye stuli kando ya meza, akajishika magoti.

"Basi masikio ni mazima," akasema. "Basi siku ile sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nawaza nini, shem? Kila siku najiuliza, sikumbuki. Iliniambia nirudi, mimi nikapitiliza. Na Mrefu yuko nyuma yangu, kaniamini."

"Shemeji..."

"Nimemharibia mtu mguu kwa uzembe. Siyo ugonjwa. Uzembe."

Mama Chaji akaitazama skuta tangini. Muda wote alikuwa anajipa moyo kwamba kunyamaza kwake hakumwongezei mtu maumivu, kwamba lililotokea limeshatokea. Sasa kidude chake, kile alichokitengeneza amejifungia mlango, kilikuwa kimetoa ushahidi dhidi ya mtu asiye na kosa, na mtu huyo ameukubali.

"Rudisha kichwa majini," akasema.

"Inatosha, shem. Nimeshapata jibu."

"Rudisha. Sikiliza tena."

Aliifungua skuta, akachomoa waya wa kidude, akafunga betri nyingine iliyobaki kidogo. Kifuniko kikamponyoka, akakiokota. Shemeji akavuta pumzi, akazama. Skuta ikalia, nyembamba, kali, safi. Akatoka kuvuta pumzi, akazama tena. Ikaendelea kulia. Ikakata.

Kichwa hakikutoka. Kilibaki majini mpaka Mama Chaji akaingiwa na hofu, akanyoosha mkono kumshika bega, na ndipo shemeji alipoinuka.

"Hii ndiyo ya siku ile," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Hazikuwa na mwayo."

"Hazikuwa nao. Nimeuweka mimi, baada ya ajali."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa. Mlipoingia pale mlangoni, nilikuwa nimetoka kujua. Mkuu akawa ananisifu. Nikaona nitawaambia Jumatatu. Na Jumatatu nikashika simu, nikaiweka."

Shemeji alichukua shati lake, akajifuta uso nalo, akakaa amelishika. Pangaboi lilikuwa limesimama ndani ya tangi.

"Watoto wako wananipigia kelele, shem," akasema mwishowe. "Wananipigia kelele mezani, na mimi naitikia. Nilijua wana haki."

Hakumtukana. Laiti angemtukana, Mama Chaji angejua pa kushika. Alivaa shati juu ya mgongo ulioloa, akafungua mlango.

"Twende kwa Mrefu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na mimi sitasema kitu kule. Mimi nimeshaomba msamaha wangu na wa wengine."

Walitembea, shemeji mbele, Mama Chaji nyuma. Walipita kwa wachomelea vyuma, kwa fundi cherehani aliyewasalimu akakosa jibu, wakapanda ngazi za nyumba ya Mrefu. Hodi iliitikiwa na mama mtu kutoka jikoni: karibuni, kaeni, chai haijachemka tu. Mrefu alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Shemeji akaegemea ukuta. Mama Chaji hakukaa. Alisema yote kuanzia Ijumaa, na kusifiwa kwake, na soda, na simu, na Jumamosi zote. Alikuwa amedhani atalia, hakulia. Mrefu alimsikiliza macho yakiwa kwenye mguu wake.

"Kwa hiyo alikuwa anasikiliza," Mrefu akasema.

"Alikuwa anasikiliza."

"Na wewe ulikuwa unakaa kiti kile pale, unamenya machungwa."

"Ndiyo."

Mrefu akamgeukia shemeji. "Na wewe siku zote hizi unanikanda."

"Si unahitaji kukandwa?"

Mrefu akatikisa kichwa. Hakumtazama tena Mama Chaji. "Nipe bega," akamwambia mwenzake. "Nataka hewa."

Wakatoka barazani wawili, mmoja amemwegemea mwingine, mguu unaburuta kwenye saruji. Wakaanza kutembea huko nje, kwenda na kurudi, wakiongea kwa sauti ya chini asiyoweza kuipata. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Mlango ulikuwa wazi na ngazi zilikuwa pale, na alizifikiria ngazi hizo.

Ndipo mama yake Mrefu akaingia na sinia. "Wamekwenda wapi hawa? Haya kaa, mwanangu, unasimama kama mgeni." Akaweka sinia mezani, akamshika mkono kwa viganja vyake viwili vyenye joto la birika. "Juzi nilikuwa namwambia Mrefu, katika haya yote yaliyotupata, mtu wa kumshukuru ni wewe."

Mama Chaji akautoa mkono wake taratibu. Akavuta kiti, akamkalisha yule mama kwanza. Kisha akasimama mbele yake, akaanza tena kuanzia Ijumaa.